Lita 20 Dukani, Lita Ngapi Safarini?

Tangazo la tangi kubwa la pikipiki huwa na namba moja tu ya kunadi: lita 18, lita 20, lita 30. Namba hiyo ni kiasi cha petroli kinachoweza kujaa ndani ya plastiki. Anayetoka Maralal kwenda Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, anahitaji namba nyingine: ni lita ngapi zitaingia akiwa kituoni, na ngapi kati ya hizo zitafika kwenye kabureta kabla injini haijazimika. Pengo la namba hizo mbili ndilo linalokula fedha za mnunuzi, na ndilo linalomwacha mtu kando ya njia huku petroli ikisikika inacheza ndani ya tangi.

Nachukua Suzuki DR650 iwe mfano. Ni pikipiki ya silinda moja, sentimita za ujazo 644, yenye kabureta moja, na fundi yeyote mzoefu anaielewa bila kompyuta. Wasafiri wa masafa marefu barani Afrika wanaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Tangi lake la kiwandani ni lita 13. Kwa mwendo wa wastani piga hesabu ya km 20 kwa lita, ukijua kwamba mchanga, mzigo au upepo wa mbele vinaweza kuishusha hadi 15. Maana yake ni km 260 siku njema, chini ya 200 siku mbaya. Kwa Isiolo hadi Marsabit huna haja ya kununua chochote, kwa sababu lami ipo na petroli inapatikana njiani. Shida inaanza ukiacha lami pale Laisamis kuelekea Ziwa Turkana, kwenye ile barabara ya zaidi ya km 200 iliyotengenezwa kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, na inazidi ukipita ziwa kwenda North Horr. Kule petroli mara nyingi ni ya pipa, inauzwa kwa chupa, na bei anaipanga mwenye nayo.

Walio wengi huchagua kati ya watengenezaji watatu. Acerbis ya Italia, iliyoanzishwa na Franco Acerbis mwaka 1973, ina tangi la lita 20 la DR650. IMS ya California ina la lita 18 na ushee. Kampuni iitwayo Safari, ya Australia, nchi ambayo umbali kati ya vituo hauna mzaha, inatoa la lita 30. Yote ni ya plastiki. La lita 20 huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 300 hadi 400 za Marekani, na la lita 30 hupanda zaidi ya hapo.

Bei hiyo ni ya ng'ambo, na anachosahau mnunuzi ni boksi. Tangi tupu ni jepesi, pengine kilo nne au tano, lakini limejaa hewa, na kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi pale ukubwa unapouzidi uzito. Hesabu yao ya kawaida ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Boksi la sm 60 kwa 50 kwa 45 linahesabiwa kama kilo 27. Juu ya bei na nauli hiyo unakuja ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania, inayokokotolewa juu ya jumla yote. Tangi la dola 300 linaweza kukufikia mkononi kwa karibu dola 600. Kama una ndugu au rafiki anayekuja na begi lenye nafasi, au unaweza kuchanga boksi la meli na wenzako, hapo ndipo akiba kubwa kuliko zote ilipo, kuliko kuhangaika kutafuta duka lenye punguzo la dola 20.

Sasa tugawanye. Ukitoka lita 13 kwenda lita 20 umeongeza lita 7. Ikiwa lita moja na nusu inanasa chini bila kufika kwenye injini, umeongeza lita tano na nusu, sawa na km 110. Kwa dola 600, kila lita ya ziada imekugharimu dola 109. Kidumu imara cha chuma cha lita 5, kilichofungwa vizuri kwenye keria, kinakupa km 100 kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Hiyo haimaanishi kidumu ndicho jibu la kila mtu, lakini ndicho kipimo ambacho tangi lazima likishinde. Na njia rahisi ya kulisaidia tangi lishinde ni kuikomboa hiyo lita moja na nusu.

Inanasaje? Tangi la pikipiki limepakata bomba kuu la fremu, hivyo chini yake kuna handaki ambamo bomba linapita, na pande mbili zinazoning'inia kushoto na kulia, mashavu yake. Petroli ikiwa juu ya mgongo wa handaki, mashavu yote yanachangia kiwango kimoja. Ikishuka chini ya mgongo huo yanakuwa matangi mawili yasiyojuana. Koki ikiwa moja, upande wa kushoto, shavu la kulia halina njia ya kutokea. Tangi la kiwandani nalo lina tatizo hili, ila kidogo. Kwenye tangi kubwa linakua kwa sababu juu hakuna nafasi, kuna usukani na kiti, kwa hiyo mtengenezaji anaongeza lita kwa kuyashusha mashavu chini. Nyingi ya lita za ziada ulizolipia zimekaa mahali pagumu kuzitoa.

Hili unaweza kuliona kwa macho, mradi umenunua tangi la rangi ya asili ya plastiki, lile jeupe lisilo safi, badala ya jeusi. Likiwa limefika mwisho, litazame mbele ya jua la asubuhi. Mstari wa petroli upande wa kushoto umezama hadi kwenye koki. Upande wa kulia umesimama vidole kadhaa juu, umetulia. Tangi jeusi hupendeza zaidi, lakini linakuficha habari pekee unayoihitaji porini. Mimi ningechukua jeupe bila kusita.

Dawa ya bure ni kuilaza pikipiki. Zima injini, funga kifuniko sawasawa, iegemeze kushoto hadi petroli ya kulia ivuke mgongo wa handaki, kisha inua. Kadiri petroli inavyopungua ndivyo unavyolazimika kuilaza zaidi. DR650 ina kilo 166 kabla ya mizigo, na juu ya mawe ya volkano kandokando ya Turkana, peke yako, mchana, hiyo ni kazi ya kuumiza mgongo.

Dawa ya kulipia ni koki ya pili upande wa kulia. Mipira ya koki zote mbili inaungana kwenye kiungo cha matawi matatu, kisha mpira mmoja unaingia kwenye kabureta. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na tangi, na inarudisha karibu yote iliyonasa: kwa mfano wetu, km 30. Sijui lita nyingine za bei nafuu kuliko hizo. Sharti ni kwamba tangi liwe limetengenezwa na tundu la koki pande zote mbili, hata kama moja limezibwa. Muulize muuzaji akutumie picha ya chini ya tangi kabla hujalipa. Kama tundu halipo, usimruhusu mtu atoboe na kubandika. Gundi haishiki plastiki ya aina hii, na petroli inayodondoka iko sentimita chache tu juu ya ekzosi. Mipira nayo iteremke moja kwa moja bila kupanda popote, kwa kuwa kila tuta la mpira ni mahali pa kunasa hewa.

Tatizo la pili halionekani kwa macho. Bila pampu, kinachoisukuma petroli kuingia kwenye kabureta ni uzito wake tu. Petroli ikishuka hadi kukaribia usawa wa mlango wa kabureta, msukumo unakuwa hafifu. Dalili yake ni hii: ukiwa kwenye km 90 kwa saa injini inaanza kukosa nguvu, ukipunguza mwendo inapona, kisha baada ya dakika chache inarudia. Wengi hudhani ni uchafu wakaanza kufungua kabureta barabarani. Matangi ambayo mashavu yake yanashuka chini ya kabureta yanahitaji pampu ndogo inayoendeshwa na mvuto wa injini yenyewe. Kama muuzaji haiweki ndani ya boksi, iongeze kwenye bei.

Pima nyumbani, nje, injini ikiwa ya baridi, mbali na moto. Isimamishe pikipiki wima juu ya stendi au kreti. Mimina lita 5 zilizopimwa kwenye tangi tupu, chomoa mpira kwenye kabureta, ushikilie mdomo wake kwenye usawa ule ule wa mlango wa kabureta, kisha fungua koki. Mwanzoni tazama kasi. Kwa km 90 kwa saa na km 20 kwa lita, injini inakunywa lita 4.5 kwa saa, yaani mililita 75 kwa dakika, na kupandisha mlima na mzigo kunaweza kuzidisha mara mbili. Mimi nataka chupa ya soda ya mililita 300 ijae ndani ya dakika hata petroli ikiwa imebaki kidogo. Isipojaa, chunguza chujio kwanza, kwa maana machujio ya karatasi yaliyotengenezwa kwa magari yenye pampu yanabana sana. Acha itoke mpaka ikome, pima iliyotoka. Zikitoka lita 3.4, umepoteza 1.6, na sasa unajua tangi lako la lita 20 ni la lita 18.4.

Koki yenyewe ina mtego wake. DR650 hutoka kiwandani na koki inayofunguliwa na mvuto wa injini, ilhali matangi makubwa mengi huja na koki ya kuzungusha kwa mkono. Ule mpira mwembamba wa mvuto ukibaki wazi, injini inanyonya hewa, inaunguza mchanganyiko mkavu na kupata joto kupita kiasi. Tundu lake lizibwe kwa raba na klipu. Na koki ya mkono ifungwe kila unapoegesha. Pima pia rizevu upya, kwa kuwa urefu wa mrija ndani ya koki mpya si ule wa zamani, na ile hesabu ya kichwani ya "rizevu ni km 40" haifanyi kazi tena.

Kujaza nako kunapoteza lita. Pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, hewa inabaki kwenye kona ya juu ya kulia na tangi linaonekana limejaa kabla ya wakati. Isimamishe wima, jaza, itikise, subiri mapovu, ongeza. Mrija wa kupumulia ulio kwenye kifuniko uwe wazi. Ukizibika, injini huzimika baada ya mwendo, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikiingia kwa nguvu.

Uzito nao ni gharama. Lita ya petroli ina takriban gramu 740, hivyo lita 30 ni kilo 22, na sehemu kubwa iko mbele na juu. Kwenye mchanga gurudumu la mbele linazama mapema. Ndiyo maana la lita 30 nalipendekeza tu kwa anayevuka zaidi ya km 400 bila kituo mara kwa mara, si kwa safari moja ya ndoto. Kwa wengine, la lita 20 lenye koki mbili, na kidumu cha lita 5 kwa siku ya Turkana pekee, linatosha na linabaki rahisi kuendesha.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kupunguza mwendo. Kushuka kutoka km 110 hadi 80 kwa saa kunaweza kukuongezea km 3 kwa kila lita, na kwa lita 18 hiyo ni zaidi ya km 50 za bure. Itazame Bajaj Boxer BM150 ya bodaboda: tangi la lita 11 na zaidi ya km 40 kwa lita kwa mwendo wa utulivu. Inapita km 440 bila kifaa chochote cha Italia.

Ambaye bado hajanunua pikipiki ana nafasi bora zaidi. Kawasaki KLR650 inatoka kiwandani na lita 23. Honda CRF300L ina lita 7.8, na dada yake Rally ana 12.8. Honda hizi mbili zinatumia pampu iliyokaa ndani ya tangi, hivyo tangi la kubadilisha lazima liipokee pampu hiyo na mpira wake wa kuzuia uvujaji, na gharama inapanda. Linganisha tofauti ya bei kati ya pikipiki hizo na bei ya tangi likiwa limeshafika mkononi.

Ukipata tangi la mitumba, usihangaike na stika zilizofura. Mvuke wa petroli hupenya plastiki taratibu na kuzifurisha hata kwenye tangi zima, sababu tosha ya kutolala chumba kimoja nalo. Kagua nati za shaba zilizozikwa ndani ya plastiki, zile zinazoshika koki na boliti za fremu. Ingiza boliti, kaza kwa vidole, kisha kwa spana robo mzunguko. Nati ikizunguka ndani ya plastiki, mrudishie mwenyewe tangi lake, bei iwe yoyote ile.