MTELEMKO HAUNA HURUMA
Hesabu tatu za kuokoa mguu wako

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo sitazungumza juu ya malaria wala maji ya kunywa. Leo tutafanya hesabu. Msifunge gazeti! Hesabu hizi ni ndogo, na aliye na mtoto wa shule amwite akae karibu.

Jumamosi moja jioni, kijana mmoja wa kazi aliletwa kwenye dispansere akiwa amebebwa na wenzake juu ya mlango wa mbao. Mfupa wa muundi wa mguu wa kulia ulikuwa umevunjika. Alikuwa amemaliza zamu yake, akachukua chukudu ya kaka yake ili kushusha magunia ya makaa hadi barabarani. Neno la kwanza aliloniambia ni hili: «Muganga, freni ilikuwa nzima.»

Kesho yake nilikwenda kuitazama ile chukudu. Kijana alisema kweli. Kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma kilikuwa bado kinene, na mbao hazikuwa na ufa. Basi nini kilimvunja mguu? Wengine walisema kona ile ina mkosi. Mimi nilichukua kalamu.

Sote hapa Vuhovi tunaijua chukudu. Ndiyo inayoshusha makaa, mbao, ndizi na viazi vyetu kwenda soko la Butembo. Mjini Goma imejengewa sanamu kubwa yenye rangi ya dhahabu, na inastahili heshima hiyo. Lakini chukudu ni mali ya milima, na mlima una sheria zake. Galileo, mtaalamu wa Italia, alizichunguza kwa kuviringisha mpira mdogo juu ya ubao ulioinamishwa, akaziandika katika kitabu cha mwaka 1638. Aliona kwamba, muda ukiwa mara mbili, njia iliyopitwa ni mara nne. Kitu kinachotelemka hakiendi tu: kila sekunde kinaongeza mwendo.

HESABU YA KWANZA: MWENDO

Tuseme chukudu pamoja na mzigo na mwenyewe ni kilo 300, na mguu ukikanyaga freni kwa nguvu zote unazuia kama uzito wa kilo 45. Kwenye njia tambarare, freni hiyo inapunguza mwendo kwa meta 1.5 kwa sekunde, kila sekunde. Tuongeze sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujakanyaga.

Ukienda meta 3 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole, unapita meta 3 za kushtuka na meta 3 za freni. Jumla meta 6.
Ukienda meta 6 kwa sekunde: meta 6 na meta 12. Jumla meta 18.
Ukienda meta 12 kwa sekunde: meta 12 na meta 48. Jumla meta 60.

Umeona? Mwendo ukiwa mara mbili, njia ya freni haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Hata kuumia kunafuata sheria hiyo. Kugonga jiwe kwa meta 6 kwa sekunde ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa meta 1.8. Kwa meta 12 kwa sekunde ni sawa na kuanguka kutoka meta 7.2, yaani juu ya paa la nyumba na zaidi. Mfupa haujui kama ulianguka au uligonga.

HESABU YA PILI: MZIGO

Sasa tushuke. Njia inayoshuka meta 10 kwa kila meta 100 ni ya kawaida kwetu. Juu ya njia hiyo, dunia inavuta chukudu kuelekea chini kwa sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Kilo 300 zinavutwa kwa nguvu ya kilo 30. Freni inazuia kwa 45. Zinabaki 15 za kusimamisha. Freni inashinda, lakini kwa shida: ukiwa na mwendo wa meta 6 kwa sekunde, njia ya freni si meta 12 tena, ni meta 36.

Tuongeze mzigo hadi kilo 600. Dunia inavuta kwa kilo 60. Je, mguu wako umeongezeka? Hapana. Ni mguu uleule, freni ileile ya 45. Freni imeshindwa! Hata ukikanyaga kwa nguvu zote, mwendo utazidi kuongezeka mpaka chini. Ndivyo ilivyompata kijana wetu. Freni ilikuwa nzima, lakini mzigo ulikuwa wa freni mbili.

HESABU YA TATU: MVUA

Mpira ukilowa na matope, msuguano unapungua. Tuseme freni imepoteza nusu ya nguvu yake. Sasa inazuia kwa kilo 22 na nusu tu, na hata ule mzigo wa kwanza wa kilo 300 unavutwa kwa 30. Umeshindwa tena. Mzigo uliokuwa salama asubuhi unaweza kuua mchana baada ya mvua.

KAZINI NI VILEVILE

Ndugu, usiseme: «Hayo ni mambo ya chukudu.» Wagoneti iliyojaa mawe haina sheria nyingine. Anayesimama mbele yake ili kuizuia kwa mikono anapigana na hesabu, na hesabu haichoki. Basi tufuate haya:

1. Anza polepole tangu juu. Freni ni ya kutunza mwendo mdogo, si ya kuua mwendo mkubwa.
2. Gawa mzigo. Safari mbili ni fupi kuliko miezi mitatu ya kulala na mguu uliofungwa.
3. Mvua ikinyesha, punguza mzigo au ngoja.
4. Usisimame kamwe upande wa chini wa kitu chenye magurudumu. Kikisimama, weka jiwe au kigingi chini ya gurudumu.
5. Mama, usiruhusu watoto kudandia chukudu inayoshuka. Uzito wao pia unahesabiwa.

Ajali ikitokea, msimwinue majeruhi haraka na kumsimamisha. Damu ikitoka, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi. Fungeni mguu pamoja na vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, bila kuunyoosha kwa nguvu. Akiumwa shingo au mgongo, mlazeni bila kumpinda, mbebeni juu ya ubao, kisha mleteni.

ZOEZI LA NYUMBANI

Chukudu na mzigo na mwenyewe ni kilo 400. Njia inashuka meta 10 kwa meta 100. Freni ni 45, mwendo ni meta 3 kwa sekunde. Je, itasimama baada ya meta ngapi za freni?

Jibu: Dunia inavuta kwa 40, zinabaki 5 tu. Itahitaji meta 36. Kwa kilo 300 zingetosha meta 9. Kilo 100 zimeongeza njia mara nne!

Kijana wetu sasa anatembea kwa fimbo. Juzi alipita dispansere, akaniuliza gunia moja la makaa lina kilo ngapi. Nilifurahi kuliko kama angenishukuru.

Ndugu, pima kabla hujashuka. Kinga ni bora kuliko tiba.