Kabla Fundi Hajapiga Windows Upya

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, huongea na binti yake aliyeko Muscat kila Jumamosi asubuhi. Hutumia kompyuta, kwa kuwa kioo cha simu ni kidogo na macho yake yamechoka. Jumamosi moja aliibofya programu yake ya kuchati kama siku zote, kikamtokea kisanduku kidogo chenye duara jekundu na alama ya X. Akabofya OK, kikaondoka. Akajaribu tena, kikarudi. Akakipiga picha kwa simu, kisha akaibeba kompyuta hadi kwa fundi wa mtaani. Jibu lilikuwa la haraka: "Mama, hapa ni kupiga Windows upya tu." Alilipa. Akarudishiwa mashine nyeupe kabisa, picha za wajukuu za miaka sita zimefutika.

Fundi hakuomba kuiona ile picha ya kisanduku. Mimi niliiomba, na nilipoisoma nilisikitika, kwa sababu dawa yake ni faili moja la bure lisilofika megabaiti 30.

"Mbona hukuniambia kimeandikwa nini, mwalimu?"

"Sikukisoma, mwanangu. Niliona Kiingereza cha mitambo, nikajua hakinihusu."

Kilimhusu sana. Kwa Kiswahili kilisema hivi: programu haiwezi kuendelea kwa sababu VCRUNTIME140.dll haijapatikana, huenda kuisakinisha upya kukaondoa tatizo. Jina lile linatisha, lakini lina maana. DLL ni faili la kuazimana, yaani maagizo ambayo programu nyingi hutumia kwa pamoja ili kila moja isilazimike kubeba yake. VC ni Visual C++, zana za Microsoft za kutengenezea programu. Namba 140 ni toleo la 14.0, lililotoka na Visual Studio ya mwaka 2015. Pacha wake, MSVCP140.dll, hutajwa mara nyingi vilevile. Kwa hiyo kisanduku hakikusema kompyuta imekufa, wala kwamba ina virusi. Kilisema programu imefika jikoni ikakuta kinu hakipo.

Nusu ya kwanza ya ujumbe huo ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayopoteza watu. Ukiiondoa programu ya kuchati na kuirudisha, mara nyingi kisanduku kitarudi vilevile, maana si kila programu husafiri na kinu chake. Kinachotakiwa ni kifurushi cha Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kifurushi kimoja huhudumia programu zilizotengenezwa kwa matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022. Kipo cha x86 kwa programu za biti 32 na cha x64 kwa zile za biti 64. Kwenye Windows ya biti 64, weka vyote viwili, washa upya, umemaliza.

Wengi hawafanyi hivyo. Huandika jina la faili kwenye Google, wakaangukia tovuti zinazogawa DLL mojamoja, wakapakua na kulibandika ndani ya System32. Nakusihi usifanye hivyo kamwe. Hujui nani amelishika faili hilo kabla yako, na unaliingiza ndani kabisa ya mashine yenye barua zako na nywila zako. Hata likiwa safi, kuna mtego: kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64, na yale ya biti 32 hukaa SysWOW64. Majina yamepishana na mantiki. Ukiweka faili la aina moja mahali pa jingine, kisanduku cha kwanza huondoka, kikaja kingine chenye namba 0xc000007b, na hapo hata fundi mzuri atakuna kichwa kutafuta ulianzia wapi.

Kompyuta za mtumba zenye Windows 7 zina habari yake. Zenyewe hulalamikia faili la jina refu linaloanza na api-ms-win-crt. Zamani dawa ilikuwa sasisho la Microsoft linaloitwa KB2999226. Leo sishauri kuhangaika nalo. Windows 7 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na programu nyingi za kuchati, zikiwemo Discord, Slack na Signal, zimejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake kuna kivinjari cha Chromium. Electron iliiacha Windows 7 kuanzia toleo la 23, mwaka 2023. Hapo badilisha Windows kweli, lakini hamisha picha zako kwanza.

Programu hizo za Electron nazo zina ugonjwa wao. Discord, kwa mfano, huweza kugoma kuwaka na kutoa ujumbe wa kosa la JavaScript. Mara nyingi mafaili yake ya muda yameharibika, na tiba ni kuifunga yote kupitia Task Manager, kisha kuondoa folda yake ndani ya AppData na kuisakinisha tena. Kwa Discord hupotezi mazungumzo, kwani yako kwenye seva. Signal si hivyo. Yenyewe huhifadhi ujumbe ndani ya kompyuta yako, kwenye folda yake ndani ya AppData hiyohiyo, na ukiifuta umefuta mazungumzo yaliyomo humo. Kwa hiyo, programu yoyote iwayo, mimi sifuti folda: naibadilisha jina. Programu itajitengenezea mpya, na ya zamani ipo nikiihitaji.

Kuna kosa jingine ambalo halina uhusiano na faili lolote. Programu inawaka, halafu inasema cheti cha seva si halali. Tazama saa kwenye kona ya kioo. Ikiwa inasoma mwaka 2010, umepata mchawi. Vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayoamini iko mwaka 2010 itaona cheti cha leo hakijaanza kazi. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma kila ukizima na kuchomoa umeme, betri ndogo ya ubaoni imekwisha; kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya volti 3, ya duara kama sarafu.

Mwalimu sasa anaongea na Muscat kama zamani. Zile picha hazikurudi.

Kisanduku kikikutokea, usibofye OK kwanza. Kipige picha, jina la faili na namba zionekane zote. Ukienda kwa fundi, mwonyeshe picha hiyo kabla hujamkabidhi mashine, na umuulize imeandikwa nini. Akikwambia hana haja ya kuisoma, rudi nyumbani na kompyuta yako.