Redio Inayoishia 90

Anayenunua redio ya gari iliyotumika, awe Gitega au Muyinga, kwa kawaida huuliza swali moja: inafanya kazi? Muuzaji anagusisha nyaya kwenye betri, taa zinawaka, spika inakoroma, na biashara inaishia hapo. Kumbe redio inaweza kuwa nzima kabisa na bado isimfae aliyeinunua. Swali la kutangulia ni jingine: ilitengenezwa isikilizwe nchi gani?

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Burundi kwa njia ya Dar es Salaam na mpaka wa Kobero yametoka Japani, pamoja na redio zake. Japani iliiweka FM yake kati ya megahezi 76 na 90, kwa sababu nafasi ya 90 hadi 108 ilikuwa ya televisheni, chaneli ya 1 hadi ya 3. Televisheni ya analogi ilipozimwa huko mwaka 2011 na 2012, sehemu ya nafasi hiyo, mpaka 95, ilipewa redio. Ndiyo maana redio za miaka ya karibuni hufika 95, na baadhi hupita hapo. Burundi, sawa na Tanzania, hutangaza kati ya 87.5 na 108. Kwa redio ya zamani ya Kijapani, sehemu inayolingana na ya kwetu ni megahezi mbili na nusu tu. Stesheni zilizo juu ya 90, si kwamba inazisikia kwa shida, haizisikii kabisa.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa dereva anayetoka Gitega kupitia Karuzi hadi Muyinga, redio ndiyo gazeti lake: habari, hali ya barabara, matangazo ya misiba. Akikaribia mpaka anaweza kunasa hata stesheni za Ngara, upande wa Tanzania, ambako Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Kumuuzia mtu huyu redio isiyoweza kusikia nchi anayopita ni kumdhulumu, hata kama muuzaji mwenyewe hakujua.

Kuijaribu kunachukua nusu dakika, na antena haihitajiki. Pandisha masafa hatua kwa hatua huku ukitazama namba: 89.8, 89.9, 90.0. Bonyeza tena. Ikirukia 76.0, jibu umelipata. Ikiendelea, ifuate mpaka uone inapogeukia. Zipo pia redio za soko la Marekani: hizo hufika 107.9, lakini nyingi huenda kwa hatua ya 0.2 na kusimama kwenye desimali witiri tu, 88.1, 88.3. Stesheni yenye desimali shufwa huangukia katikati, na sauti yake hutoka na mikwaruzo.

Ukilalamika kuhusu ile inayoishia 90, utaambiwa ufunge ekspanda. Hicho ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kushusha masafa kwa kiwango kimoja kisichobadilika. Kikishusha megahezi 12, stesheni ya 100 utaikuta kwenye 88. Lakini hesabu haidanganyi: dirisha la redio lina upana wa megahezi 14, na bendi yetu ina 20.5. Ekspanda ya 12 itakupa 88 hadi 102. Ya 18 itakupa 94 hadi 108. Hakuna itakayokupa zote. Tena mawimbi yaliyokwisha kudhoofishwa na vilima hupungua nguvu zaidi yakipita humo. Andika kwanza masafa ya stesheni unazozisikiliza, ndipo uchague ekspanda. Au tafuta redio ya 87.5 hadi 108 na usahau kisanduku.

Umbo nalo lipimwe kwa rula. Redio ya kawaida ina upana wa milimita 180 na kimo cha 50 au 100. Ile ya kiwandani ya Toyota za Japani ina upana wa 200, kwa hiyo haiingii kwenye tundu la 180 bila kukata dashibodi. Kuhusu umeme, lori na mabasi mengi hutumia volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa humo moja kwa moja huungua.

Kisha igeuze uangalie mgongo. Ikiwa nyaya zimekatwa karibu kabisa na redio, plagi ilibaki kwenye gari ilikotoka, na fundi atalazimika kubahatisha. Kwenye plagi nyingi za dukani, njano hupata umeme wa betri muda wote na kutunza kumbukumbu, nyekundu hupitia ufunguo, nyeusi ni ya bodi ya gari. Nyaya za kiwandani za Toyota hazifuati rangi hizo. Zipimwe kwa mita. Njano na nyekundu zikiunganishwa pamoja kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki na ufunguo, na asubuhi betri imelala. Waya hasi wa spika ukigusa bodi, amplifaya ya ndani inaweza kufa papo hapo.

Redio kadhaa za magari ya Ulaya, zikitengana na betri, hudai namba ya siri. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi. Muuzaji aiingize mbele yako, stesheni isikike, ndipo utoe pesa. Akisema namba ataileta kesho, mwachie redio yake.