Insulini na Mtungi wa Nyumbani

Katika nyumba isiyo na jokofu mtaani Lemon Gaba, mjini Juba, mama mwenye mtoto mgonjwa wa kisukari hana budi kujiuliza: je, insulini iliyolala chumbani ingali dawa?

Insulini ni protini, yaani mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo amino asidi. Vipande vyake ni 51, katika nyuzi mbili zilizokunjwa kwa namna maalumu. Ikipata joto kali au kutikiswa sana, mikunjo hulegea. Nyuzi jirani hushikana zikawa madonge, na nguvu ya dawa hupotea.

Tabia hiyo ya kushikana huwatesa hata wataalamu wa maabara. Mwaka 1963, Bruce Merrifield wa Marekani alieleza njia ya kuunda minyororo hiyo kwa kemia: kipande cha kwanza hufungwa kwenye punje ngumu, kisha vingine huongezwa kimoja kimoja, mfano wa mtu atungaye shanga. Mwaka 1965, wanasayansi wa China walifaulu kuunda insulini ya ng'ombe kwa njia nyingine ya kemia. Lakini protini zilizo ngumu hugandamana kabla kazi haijakwisha. Hivyo wakemia huzibandika kwa muda mkia upendao maji, kisha huuondoa. Leo insulini nyingi huundwa na bakteria au hamira, lakini adui yake ni yule yule.

Habari njema zilitoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake.

Hata hivyo, joto la Juba huweza kupita nyuzi 37. Mwezi Februari 2025, shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa sababu ya joto. Hapo mtungi wa udongo una manufaa: maji yapenyayo kutani hukauka kwa upepo na kuupoza. Chupa itiwe katika chombo kikavu kilichofungwa vyema, na mtungi uwekwe kivulini penye upepo.

Insulini isigandishwe kwa barafu wala isiachwe juani. Ile iliyo angavu ikiingia ukungu, na ile ya maziwa ikibaki na madonge baada ya kuchanganywa polepole, isitumike. Wala mgonjwa asikatishe dawa, bali apelekwe zahanati upesi apewe nyingine.