Aliwajua makoa wa Wasini, hakuwaona wenyeji wa Nakuru

JE, msomaji, ukipita Nakuru kuelekea Njoro na kuyatazama mashamba ya ngano yaliyotanda huku na huku, ungekisia kwamba historia ya ardhi hiyo inagusana na kiumbe laini cha baharini, kidogo kama kidole cha mtoto?

Kiumbe huyo ni koa wa baharini. Ni jamaa ya konokono, ila hana gamba. Usimchanganye na jongoo bahari, yule ambaye wavuvi wa Pwani humkausha na kumwuza ng'ambo. Koa ni mdogo, na aghalabu rangi zake hung'aa kama kanga mpya. Rangi hizo si za urembo tu. Makoa wengi hula sifongo na viumbe wengine wenye sumu, kisha sumu hiyo huwa silaha yao wenyewe. Samaki akiziona rangi, hujua kwamba hapo hapana chakula.

Ulimwenguni kote zimetambuliwa aina zaidi ya 3,000 za makoa wenye mashavu ya nje. Aina kadhaa za bahari yetu zilielezwa kwa mara ya kwanza na Sir Charles Eliot. Naam, ni yule yule aliyekuwa Kamishna wa Uingereza katika Afrika Mashariki tangu mwisho wa 1900 hadi 1904!

Mchana Eliot alikuwa mtawala; akipata nafasi, alikuwa mtaalamu wa makoa. Vielelezo vingi alivyovichunguza vilikusanywa na mwanasayansi Cyril Crossland huko Unguja na pwani ya Kenya. Mwaka 1904 Eliot alimpa koa mmoja jina la Halgerda wasinensis, yaani wa Wasini, kisiwa kilicho mkabala na Shimoni. Mwingine, mwenye mistari myeusi na myeupe na ukingo wa manjano, alimwita Chromodoris africana.

Kazi hiyo ilitaka subira. Koa akitiwa katika spiriti rangi zake hufifia na mwili hujikunja, hata aliyekuwa kipambo cha mwamba akabaki kama kipande cha utumbo. Kwa hiyo anayetaka kumjua hasa sharti amtazame akiwa hai, mahali anapoishi.

Ndivyo wafanyavyo wazamiaji wa leo. Huvaa miwani na mitungi ya hewa, wakashuka wawili wawili, kwani kuzamia peke yako ni hatari. Huenda polepole kando ya matumbawe, wakimulika tochi chini ya mawe na penye sifongo. Wakimwona koa humpiga picha bila kumgusa, kisha huandika kwenye kibao kisichoharibiwa na maji: kina, mahali, saa, na alichokuwa akila. Makoa wengi hawaishi zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo hesabu ya leo si ya mwakani; ni lazima kurudi tena na tena.

Mwanafunzi asiye na mtungi asikate tamaa. Bamvua likifika na maji yakapwa, vidimbwi vya mwambani hubaki na makoa wake. Tazama, andika, uwaache walipo.

Sasa turudi Nakuru. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1900, na Eliot alitaka Wazungu walime kando yake. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Machoni pa Eliot, malisho ya Wamaasai yalikuwa ardhi inayopotea bure. Mwaka 1904 London ilipomkataza kuwapa watu wawili kutoka Afrika Kusini eneo kubwa katika Bonde la Ufa, alijiuzulu. Lakini mambo hayakugeuka. Agosti mwaka huo huo, chini ya Kamishna aliyemfuata, Wamaasai walitiliana mkataba na Waingereza, wakahamishwa kutoka nyanda za Naivasha na Nakuru hadi Laikipia na kusini mwa reli. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia pia.

Hapo ndipo penye fundisho kwa jamaa zetu wanaosoma sayansi. Eliot hakukosa macho. Aliweza kutofautisha koa na koa kwa mstari mmoja wa manjano, na akajua kwamba kila mmoja ana mahali pake. Alipofika bondeni akaona majani, asiwaone waliojua msimu wa kila lisho na njia ya kila kisima.

Kila Januari watu husimama kando ya Ziwa Nakuru na darubini wakihesabu flamingo na ndege wengine wa majini. Kijana wako akitamani kazi hiyo, au ile ya kuzamia Wasini, mtie moyo. Ila mfunze kwanza kumwuliza anayeishi hapo: wewe waonaje?