Mzazi Aulizwe Kwanza

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa nchini Tanzania wanawake 63 katika kila 100 walijifungulia kwenye vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamefika 81, na makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yameshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni hatua kubwa, wala hakuna anayejali wazazi atakayeibeza. Hata hivyo, karibu mwanamke mmoja katika kila watano bado anajifungulia nje ya kituo. Umbali na nauli ni sababu, lakini nyingine imo ndani ya leba yenyewe. Anayetarajia kulazwa chali, kufokewa na kutenganishwa na mama yake hukawia kuondoka nyumbani, na kukawia huko huua. Kwa hiyo haki ya mzazi kuchagua namna ya kujifungua ni sehemu ya usalama wake.

Ushahidi wa kitabibu uko upande wake. Kulala chali humrahisishia mkunga kuona, lakini mfuko wa uzazi hukandamiza mishipa mikubwa ya damu, mtoto hukosa msaada wa uzito wake mwenyewe katika kushuka, na nyonga za mama hubanwa. Tafiti zilizolinganisha akina mama waliotembea au kukaa wima na waliolala zimeonyesha kuwa hatua ya kwanza ya uchungu hupungua kwa zaidi ya saa moja. Kuhusu msindikizaji, uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha tafiti 26 na wanawake zaidi ya 15,000 ulikuta kuwa mzazi mwenye mtu wa kumtia moyo muda wote hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, na uchungu wake huwa mfupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka mzazi awe na msindikizaji amtakaye, achague mkao wake, na asiongezwe njia kwa mazoea tu.

Wapo watakaouliza: ikiwa chaguo ni lake, kwa nini asichague nyumbani? Jibu linategemea kilichopo nyumbani hapo. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2011, uliofuatilia wanawake wapatao 64,000 wasio na dalili za hatari, ulikuta kuwa kwa waliowahi kuzaa, nyumbani hapakumwongezea mtoto hatari. Kwa wazazi wa mara ya kwanza, hatari iliongezeka, na takribani 45 katika kila 100 walihamishiwa hospitali. Tena hao walikuwa na mkunga aliyesomea kazi, pamoja na mfumo wa rufaa unaofanya kazi. Damu inayovuja baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili, na mara nyingi humpata ambaye kliniki haikumwona na tatizo lolote. Pasipo mkunga, dawa ya kuzuia damu na gari la wagonjwa, nyumbani pana hatari ambayo mama lazima aelezwe waziwazi. Kumweleza hivyo ni kuiheshimu haki yake, kwa kuwa anayechagua gizani hajachagua.

Wengine husema mzazi si mtaalamu, na kwamba mkunga mmoja mwenye wazazi wengi hana nafasi ya kubembeleza. Ni kweli utaalamu ni wa mkunga: ndiye atakayejua mapigo ya moyo wa mtoto yakibadilika au upasuaji ukihitajika. Lakini mwili ni wa mama, na hata katika dharura maelezo mafupi na ridhaa huchukua dakika chache. Uhaba wa wakunga ndio hasa unaofanya msindikizaji awe wa lazima, maana humnywesha mzazi maji, humsugua mgongo na huita msaada mapema. Pazia kati ya vitanda na mkeka wa kupigia magoti havihitaji bajeti ya hospitali ya rufaa.

Waganga wakuu wa wilaya na wasimamizi wa wodi za wazazi waanzie hapo. Kila mama anayepokelewa leba aulizwe mambo mawili kabla ya kupandishwa kitandani: nani akae naye, na mkao upi unamfaa. Kisha jibu lake lifuatwe.