Je, Wajua? Sintesaiza ya Programu Si Kivuli cha Mashine

Prodyuza anapofungua plagini kwenye kompyuta yake, mara nyingi kinachojitokeza kwenye skrini ni picha ya mashine: ubavu wa mbao, swichi za kuzungusha, taa nyekundu inayowaka. Picha hiyo imewaaminisha wengi kwamba sintesaiza ya programu ni nakala ya bei nafuu ya chombo halisi chenye nyaya na transista. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1957, katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, mhandisi Max Mathews aliandika programu aliyoiita MUSIC, na kompyuta ya IBM 704 ikakokotoa kipande cha sekunde 17 kilichotungwa na mwenzake, Newman Guttman. Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye makao makuu ya IBM mjini New York, kwa hiyo namba zilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukasafirishwa hadi Murray Hill, na huko ndiko zilikogeuzwa kuwa umeme na hatimaye kuwa sauti. Kweli, ala za umeme zilikuwapo tayari miaka ya 1920, theremin ikiwamo. Lakini sintesaiza za Robert Moog, ambazo plagini hutuhumiwa kila siku kuziiga, zilianza kuonekana mwaka 1964. Kufikia 1960, katika toleo la MUSIC III, Mathews alikuwa ameshaugawa utengenezaji wa sauti katika vipande vidogo vya programu vinavyounganishwa atakavyo mtunzi: kimoja kinazalisha wimbi, kingine kinapandisha na kushusha nguvu yake, kingine kinachanganya. Anayeunganisha moduli leo, ziwe za nyaya au za skrini, anafuata wazo ambalo tayari lilikuwa limeandikwa kama programu.

Ukitazama kazi yenyewe kwa karibu, ndipo unapoona kwa nini neno "nakala" halitoshi. Sauti ndani ya kompyuta ni mfululizo wa namba, 44,100 kwa kila sekunde katika kiwango cha CD, na kila namba inaeleza spika ikae wapi kwa kitambo hicho. Kompyuta huzikokotoa kwa mafungu. Fungu la namba 256 ni sawa na milisekunde 5.8 hivi, na hesabu yake yote lazima iishe kabla muda huo haujakatika, la sivyo msikilizaji atasikia mkwaruzo. Sasa chukua wimbi la msumeno, lile linalopanda taratibu na kuanguka ghafla, ambalo ndilo malighafi ya sauti nyingi nene za besi. Likipigwa kwa mitetemo 2,000 kwa sekunde, ndani yake mna pia 4,000, 6,000, 8,000 na kuendelea bila kikomo. Namba 44,100 kwa sekunde haziwezi kubeba mtetemo unaozidi nusu yake, yaani 22,050. Ule wa 34,000 haupotei: unarudi chini na kusikika kama 10,100, sauti isiyo na udugu wowote na noti iliyopigwa. Ukiandika wimbi la msumeno kwa njia ya mkato, noti za juu zitajaa uchafu wa aina hiyo. Watafiti kama Tim Stilson na Julius Smith wa Stanford walichapisha mwaka 1996 njia ya kuzalisha mawimbi haya yakiwa tayari yamewekewa mpaka, na wengine wakaendeleza kazi hiyo. Mhandisi wa nyaya hakuwahi kukutana na tatizo hili. Mwandishi wa programu analo, na analitatua kwa maarifa yake mwenyewe. Ufundi wenye matatizo yake na majibu yake ni ufundi kamili.

Watetezi wa mashine hujibu kwamba mashine ina joto ambalo namba hazina. Hoja hii ina uzito. Vipuri vya umeme huathiriwa na halijoto, noti huhama kidogo, na kichujio cha Moog kikisukumwa kwa nguvu hubana sauti kwa namna ambayo hesabu rahisi haiwezi kuifuata. Hata hivyo, mabadiliko hayo yana sababu za kifizikia, na chenye sababu kinaweza kuandikwa kwa hesabu. Ndiyo maana plagini za miaka ya karibuni zinakaribia sana mashine zinazozifuata. Na si kila mashine inayoenziwa ni ya analogia. John Chowning aligundua kule Stanford mwaka 1967, akitumia kompyuta, kwamba wimbi moja likiharakisha na kupunguza mitetemo ya jingine kwa kasi kubwa, huzaliwa sauti za kengele, za shaba na za ngozi ya ngoma. Yamaha walichukua leseni ya ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa DX7, kinanda kilichotawala redio za muongo mzima. DX7 ni kompyuta iliyovalishwa vibonye. Dexed, programu ya bure inayofanya kazi yake leo, imeurudisha ugunduzi ule mahali ulikozaliwa.

Wengine husema plagini zimefanya nyimbo zote zifanane, kwa kuwa kila mtu ana sauti zilezile zilizoandaliwa tayari. Lakini sauti ya piano ya umeme iliyokuja ndani ya DX7 ilisikika katika nyimbo za mapenzi za miaka ya 1980 hadi ikachosha, na hapakuwa na plagini. Kilichoongezeka tangu kampuni ya Steinberg ilipoleta mfumo wa plagini wa VST mwaka 1996, na kuufungulia ala kamili mwaka 1999, ni idadi ya watu wanaoweza kujaribu. Sikiliza singeli ya Dar es Salaam: ina mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na imetengenezwa kwa kompyuta za kawaida katika studio ndogo kama ile ya prodyuza Sisso. Mkusanyo wa studio hiyo ulipotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilikuwa vigumu kudai kwamba nyimbo zake zinafanana na nyimbo nyingine zote.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni la uhai. Sintesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970 ikiharibika, fundi mwenye bunduki ya kulehemu anaweza kuifufua. Apple walipotoa mfumo wa Catalina mwaka 2019 na kuacha kabisa programu za biti 32, plagini ambazo watengenezaji wake walikuwa wamefunga duka zilinyamaza, pamoja na nyimbo ambazo hazijakamilika zilizozitegemea. Hasara hiyo ni ya kweli, na leseni za kampuni ndizo zinazoikuza, kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kuingia ndani na kutengeneza. Pale msimbo unapokuwa huria, mambo ni tofauti. Csound, mrithi wa programu za Mathews iliyoandikwa na Barry Vercoe pale MIT mwaka 1986, bado inaendeshwa na kuboreshwa. Surge, sintesaiza ya programu, ilikuwa bidhaa ya kuuzwa hadi mwandishi wake alipoiachia huria mwaka 2018. Tangu hapo watu wanaojitolea wameirekebisha, wameiongezea vichujio na mawimbi mapya, na kuifanya ifanye kazi kwenye Windows, Mac na Linux.